Uzi: Barua pepe ya "nimekurekodi kwa kamera yako, lipa Bitcoin". Tuichambue kiufundi kabla mtu hajatuma hata senti

FundiSeva

Wakuu, salaam.

Kuna barua pepe inazunguka dunia tangu katikati ya 2018, na kila baada ya muda inavaa kanzu mpya. Mwandishi anasema ameingia kwenye kompyuta yako, amewasha kamera, amekurekodi ukiangalia picha za ngono, na watu wako wote anao kwenye orodha. Anataka Bitcoin, mara nyingi za dola 500 hadi 2,000, ndani ya saa 48. Usipolipa, video inakwenda kwa mwenza wako, bosi wako na mashemeji.

Nazungumzia barua iliyokuja yenyewe, bila wewe kuchati na mtu. Kama ulichati na mtu ukampa video, hiyo ni kesi nyingine kabisa na majibu yake ni mengine. Tutafika.

Ukiipata barua hii jiulize jambo moja: humu ndani kuna kitu gani ambacho kisingeweza kutoka popote ila kwenye kifaa changu? Angekuwa na video, angebandika picha moja tu iliyokatwa humo, mjadala ukaisha. Angekuwa na orodha ya watu wako, angetaja watatu. Hafanyi hivyo kwa sababu hana. Barua hiyohiyo imetumwa kwa maelfu ya watu usiku mmoja. Huu ni uvuvi wa kokoro, si wa ndoana.

Sasa tuangalie silaha zake moja moja.

Nywila yako. Hapa ndipo watu wengi wanapolegea magoti, maana wanaiona nywila yao halisi kwenye mstari wa kwanza. Imetoka kwenye data zilizovuja zamani. LinkedIn ilidukuliwa 2012 na data zake zikaanza kuuzwa hadharani 2016. Dropbox nayo ni 2012, Adobe 2013. Januari 2019 ukatoka mkusanyiko uliopewa jina Collection #1 ukiwa na anwani za barua pepe takriban milioni 773. Tapeli anachukua jedwali lenye safu mbili, anwani na nywila, analiunganisha na barua moja, programu inajaza nafasi zilizoachwa wazi. Ni kazi ileile ya kujaza majina kwenye kadi za mchango wa harusi.

Picha ya nyumba yako. Toleo hili lilisambaa sana Marekani mwaka 2024: faili la PDF lenye jina kamili, namba ya simu na picha ya nyumba. Picha ni ya Google Street View, huduma ya Google ya picha za barabarani zilizo wazi kwa kila mtu, anwani ya makazi imetoka kwenye data zilizovuja. Hakuna aliyekuja kusimama getini.

"Nimekuwekea Pegasus." Pegasus ni chombo cha kupeleleza simu cha kampuni ya NSO Group ya Israel na wateja wake ni serikali. Mwenye chombo cha namna hiyo hahangaiki na dola 1,500 zako.

"Nimeweka alama ndani ya barua, najua umeisoma." Alama hiyo ni kipicha cha nukta moja kinachopakuliwa kutoka kwenye seva yake ukifungua barua. Gmail tangu Desemba 2013 inapitisha picha zote kwenye seva za Google, kwa hiyo hata kikiwepo hakimpi anwani ya mtandao wako (IP). Na mara nyingi barua yenyewe ni maandishi matupu, hakuna picha ya aina yoyote ndani. Saa 48 hazihesabiwi na saa yoyote.

Halafu tazama maandishi kwa karibu. Utakuta herufi za Kirusi zinazofanana na a na o zetu zimechomekwa katikati ya maneno, au barua nzima ni picha, au anwani ya Bitcoin imekatwa vipande viwili ukiambiwa uviunganishe mwenyewe. Yote hayo ni ya kukwepa chujio la spamu. Mtu aliyekushika pabaya kweli angekuwa na shida gani na chujio la spamu?

Kigezo cha makosa ya lugha kisahauni. Siku hizi barua hizi zimenyooka kuliko barua za maofisini.

MamaNahla

Asante mkuu. Lakini kama sehemu ya mtumaji inaonyesha anwani yangu mwenyewe? Si ina maana yumo ndani ya akaunti?

FundiSeva

Hapana. Mtu anaweza kuandika S.L.P. yoyote nyuma ya bahasha na posta haimuulizi kitu. Barua pepe iko hivyohivyo: itifaki ya kutuma, SMTP, ni ya 1982, na ilitungwa bila kumkagua mtumaji. Ukaguzi umeongezwa baadaye kwa juu.

Namna ya kuthibitisha kwenye Gmail: ifungue kwa kompyuta, si kwa programu ya simu. Bonyeza nukta tatu upande wa kulia wa ujumbe, chagua Show original. Juu kabisa utaona jedwali fupi lenye SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kukagua kama barua imetoka kweli kwa anayetajwa. Barua iliyogushiwa anwani yako itakuwa na FAIL au SOFTFAIL, au DKIM haipo kabisa. Chini yake tafuta mstari wa Return-Path, yaani anwani ya kurudishia barua isiyofika. Mara nyingi hapo utakuta anwani ngeni isiyohusiana na yako.

Mistari ya Received, inayoonyesha seva ambazo barua imepitia, inasomwa kutoka chini kwenda juu, lakini ya chini isikudanganye, maana mtumaji anaweza kuibuni. Unaoaminika ni ule wa juu, ulioandikwa na seva ya mtoa huduma wako wakati wa kupokea. Hapo ndipo ilipo anwani halisi ya mtandao iliyoleta barua.

Ukimaliza, nenda chini kabisa ya ukurasa wa Gmail upande wa kulia, kwenye maelezo ya shughuli za mwisho za akaunti. Kama vifaa na nchi zote ni zako, hakuna aliyeingia.

Nyakato_Mtandao

Naongeza hapo kwa FundiSeva, maana watu wakikariri "PASS ni salama" wataumia.

SPF haikagui anwani unayoiona kwenye skrini. Inakagua ile ya bahasha, yaani Return-Path. Tapeli akinunua kikoa chake (jina la mtandaoni, ile sehemu inayofuata @) na kukipanga vizuri, SPF inaandika PASS kwa kikoa CHAKE huku skrini inaonyesha jina lako. Kinacholinganisha hizo mbili ni DMARC. Kwa hiyo macho yaende kwenye DMARC kwanza.

Na hata DMARC ikipita, inathibitisha barua ilikotoka tu, haithibitishi maneno yaliyomo. Novemba 2024 matapeli walitumia kitufe cha kuwashirikisha wengine taarifa za huduma kwenye lango la wasimamizi la Microsoft 365. Sehemu ya ujumbe binafsi ilikuwa na kikomo cha herufi 1,000, lakini kikomo kilikaguliwa kwenye kivinjari peke yake, wakakiondoa, wakabandika barua nzima ya vitisho. Ikatoka kwenye anwani halisi ya Microsoft na kupita vipimo vyote. Maneno yakabaki uongo uleule.

KijanaWaKaunta

Swali la uchokozi: na kama nywila iliyoandikwa si ya zamani? Ni ya sasa hivi na imetumika sehemu moja tu?

Nyakato_Mtandao

Swali zuri, na hapo ndipo unatakiwa kuamka kwenye kiti.

Nywila ya zamani, au uliyoitumia sehemu nyingi, ni data iliyovuja. Hiyo ni kawaida. Nywila mpya iliyotumika sehemu moja inaacha njia tatu: huduma hiyo imevuja hivi karibuni, umeiandika kwenye ukurasa bandia, au kompyuta yako ina programu ya kunyonya nywila. Programu hizi, kama RedLine na Lumma, zinachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokuweka ndani ya akaunti, zinatuma, na nyingine zinajifuta. Njia yake kubwa ni programu zilizokrakiwa: Office ya bure, vifungua leseni vya Windows, nyongeza za magemu. Na hata hapo haina maana kuna video. Waliochota nywila wameiuza kwenye orodha, na mnunuzi ametuma barua ileile ya kila mtu.

Ukiwa kwenye hali hii, USIBADILISHE nywila kwa kutumia kompyuta hiyohiyo. Utakuwa unamkabidhi mpya. Chukua simu au kompyuta nyingine safi, kisha fuata mpangilio huu:

Anza na barua pepe, kwa sababu kila "umesahau nywila?" ya huduma nyingine inapita hapo. Halafu benki na chochote chenye pesa. Mitandao ya kijamii baadaye. Kila ukibadilisha, toa vifaa vyote vilivyoingia, kwa sababu aliyeiba kidakuzi anaweza kuendelea kukaa ndani bila kuulizwa nywila mpya.

Kisha kagua sehemu ambazo wengi wanazisahau: mipangilio ya kupeleka nakala za barua kwenye anwani nyingine, filta zilizoongezwa, namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti. Mwizi mzoefu anaacha filta moja ndogo inayompelekea nakala, wewe unabadilisha nywila na kulala usingizi.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kwa programu ya kutoa namba badala ya SMS, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na mtu mwingine kwa udanganyifu. Zile namba za akiba ziandike kwenye karatasi.

Kompyuta yenyewe: Microsoft Defender, kinga inayokuja na Windows, ina ukaguzi wa nje ya Windows: kompyuta inajizima na kuwaka upya, kazi inachukua kama dakika 15. Kama uliweka programu ya kukraki, mimi nisingeishia hapo. Hamisha picha na nyaraka, futa diski yote, weka Windows upya.

Kujua nywila kama imewahi kuvuja, tumia Have I Been Pwned, tovuti ya Troy Hunt iliyoanza Desemba 2013. Ukiandika nywila pale kwenye ukurasa wa kukagua nywila haiendi nzima: kivinjari kinaisaga kuwa alama na kupeleka herufi 5 za kwanza tu za alama hiyo. Lakini kama roho inasita, kagua anwani ya barua pepe peke yake, inatosha.

KijanaWaKaunta

Na kamera je?

FundiSeva

Kibandiko. Mwaka 2013 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kuwa taa ya kamera kwenye MacBook za zamani inaweza kukaa imezimwa huku kamera inafanya kazi, kwa hiyo taa peke yake usiipe imani yote. Kwenye simu, kuanzia iOS 14 na Android 12, kuna nukta ya kijani juu kulia kamera ikitumika. Kipande cha karatasi ya gundi kinamaliza habari ya laptopu.

Mdau_Tabora

Nimesoma kwamba ukiiangalia anwani ya Bitcoin unaweza kujua kama ni tapeli. Inafanyikaje?

FundiSeva

Anwani za Bitcoin zinaanza na 1, 3 au bc1. Inakili nzima, iweke kwenye tovuti yoyote ya kusoma miamala ya Bitcoin, utaona kila kilichoingia na kutoka, maana daftari lake liko wazi kwa kila mtu. Itafute pia Chainabuse, ambapo watu huripoti anwani za matapeli. Ukikuta watu 40 wameibandika na barua ileile, kazi imeisha.

Ila ukikuta haina muamala wala ripoti, usiseme "basi hii ni yangu pekee". Pochi moja inazaa anwani mpya maelfu bila gharama. Kwa upande mwingine, kama anwani ni moja kwa watu wote, atajuaje nani kalipa na nani hajalipa? Hawezi. Ahadi ya "ukilipa nafuta video" haina hata njia ya kutekelezwa.

Wakili_wa_Bandarini

Naomba niingie upande wa pili, ule ambao FundiSeva aliahidi tutafika. Msichanganye mambo mawili haya, kwa sababu ushauri wa "puuza, futa" unamuumiza mtu wa kundi hili.

Kundi hili ni la mtu aliyepata urafiki Facebook, Instagram au WhatsApp, wakapigiana simu ya video, akavua nguo, na dakika kumi baadaye akaletewa rekodi pamoja na orodha ya marafiki zake. Hapo ushahidi upo kweli. Julai 2024 Meta ilitangaza kufuta akaunti zipatazo 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizohusishwa na mchezo huu, kwa hiyo mjue ni kazi ya vikundi vilivyojipanga.

Usilipe. Anayelipa mara moja anakuwa ameonyesha kuwa analipika. Kesho bei inapanda. Lakini usiwahi pia kumblock kwa hasira, maana ukimblock kwanza unapoteza ushahidi. Fuata hivi: fungua ukurasa wake, nakili kiungo chake kamili, kwa sababu jina linabadilishwa kwa sekunde. Piga skrinishoti zinazoonyesha NAMBA, si jina ulilomsevu. Hamisha mazungumzo ya WhatsApp kuwa faili. Kama ujumbe wa kujifuta umewashwa, fanya hayo sasa hivi. Ukishahifadhi, ripoti akaunti, mblock, funga orodha yako ya marafiki isionekane.

Kwa picha zenyewe kuna huduma mbili za kuzuia zisisambae: StopNCII kwa mwenye miaka 18 na zaidi, na Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Zote hazichukui picha yako. Simu yako inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, alama hiyo inapelekwa kwa Facebook, Instagram, TikTok na wengine walioshiriki, picha ikipakiwa huko inatambuliwa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, hilo lijulikane mapema.

Polisi: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Nenda kituoni, hakikisha unatoka na namba ya RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya. Bila namba hiyo hakuna mahali pa kuanzia ufuatiliaji. Anayedai alipwe kwa M-Pesa au Airtel Money amejiweka pabaya kuliko wa Bitcoin, kwa sababu laini imesajiliwa na muamala una kumbukumbu. Andika namba ya muamala, muda na jina lililotokea.

Jambo moja kwa wazazi. Kijana akija na habari hii, adhabu na maswali ya "ulifanya nini" viwekwe kando siku hiyo. Matapeli wa aina hii wanawalenga sana wavulana wa umri wa shule, na wapo waliojiua ndani ya saa chache. Asiachwe peke yake usiku huo.

MamaNahla

Kwa ile barua ya uongo, polisi wanataka nini? Nichapishe?

Wakili_wa_Bandarini

Karatasi ni ya kuambatisha tu. Kinachofaa ni faili la .eml, yaani barua yenyewe kama ilivyopokelewa, kwa sababu lina vichwa vyote, ile mistari ya Received na Return-Path iliyoelezwa hapo juu. Kwenye Gmail nukta tatu zilezile, chagua kupakua ujumbe. Usiifowadi, ukiifowadi vichwa vya asili vinapotea. Walioko Uingereza tu ndio wanaambiwa waifowadi barua kwenda report@phishing.gov.uk, Marekani ripoti inaingizwa IC3, kituo cha FBI cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao.

Mdau_Tabora

Na aliyekwisha lipa?

Nyakato_Mtandao

Muamala wa Bitcoin ukishathibitishwa haurudi. Hifadhi utambulisho wa muamala, ule mstari mrefu wa herufi na namba 64. Ripoti kwa kampuni uliyonunulia sarafu, pengine pesa ikipita kwenye soko linalotambua wateja inaweza kuzuiwa. Usiweke matumaini makubwa.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi: atajitokeza "mtaalamu wa kurudisha pesa", mara nyingi kwenye maoni chini ya uzi kama huu. Anaomba ada kidogo ya kuanzia. Huyo ni tapeli wa pili, pengine ndiye yuleyule wa kwanza. Mods (wasimamizi wa jukwaa) wakimwona humu wamfute.

Duka_la_Mtandaoni

Sisi wenye tovuti tunapata toleo letu kupitia fomu ya mawasiliano: "tumedukua tovuti yako na kutoa hifadhidata yote, lipa la sivyo tunaiuza."

FundiSeva

Kanuni haibadiliki: aliyetoa hifadhidata angekubandikia mistari mitano ya jedwali la wateja. Kagua kwa dakika 20: watumiaji wenye mamlaka ya usimamizi, kama kuna usiyemjua, tarehe za mafaili ya PHP (msimbo unaoendesha tovuti) yaliyobadilishwa ndani ya siku 30, kumbukumbu za seva, kama kuna ombi lililotoa data nyingi kupita kawaida. Ukikuta mafaili hayafunguki na herufi za mwisho wa majina yake (kama .docx) zimebadilishwa, hapo si barua ya kutisha tena, ni shambulio halisi. Chomoa mtandao, usizime mashine, ita mtu wa usalama.

Tarehe 13 Desemba 2018 barua za namna hii zilidai hadi kuna bomu ndani ya jengo, lipa dola 20,000. Shule na ofisi Marekani na Kanada zikahamishwa watu. Hakukuwa na bomu. Lakini tishio la bomu hata ukilihisi ni la uongo unaliripoti polisi hapohapo, hilo si la kuamua mwenyewe.

Na kwa kuwa una kikoa chako, zuia wasigushi jina la duka kwa wateja. Rekodi ya SPF kwenye DNS (orodha ya mipangilio ya kikoa chako) iwe MOJA tu. Wengi wanaongeza ya pili wanapohamia huduma mpya, na mbili zikiwepo zote zinahesabika kosa. Isizidi maulizo 10 ya DNS ndani yake. Washa DKIM kwa mtoa huduma wako. Kisha weka DMARC kwenye _dmarc ya kikoa:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoa-chako

Hapo p=none ni kuangalia tu bila kuzuia, na rua ni anwani ya kupokelea ripoti. Soma ripoti wiki mbili hadi nne uone kama mfumo wako wa risiti au majarida unakataliwa, ndipo upande kwenda p=quarantine (iende kwenye spamu), mwisho p=reject (ikataliwe kabisa). Ukirukia reject siku ya kwanza, ankara zako mwenyewe zitakataliwa kwa wateja na utamlaumu mtu wa hosti. Kikoa kisichotuma barua kabisa, kipe v=spf1 -all na p=reject leo hii.

MamaNahla

La mwisho: zikiendelea kuja kila wiki?

Nyakato_Mtandao

Zitakuja, anwani yako iko kwenye orodha na orodha zinauzwa tena na tena. Ripoti kila moja kuwa spamu badala ya kuifuta tu, chujio linajifunza. Kumblock mtumaji hakusaidii kwa kuwa kila mara anatumia anwani mpya, na kama amegushi yako utajiblock mwenyewe. Usiandike filta ya neno "Bitcoin" peke yake kama unapokea habari za fedha, zitapotea nazo. Weka "Bitcoin" pamoja na nywila yako ya zamani iliyokwisha staafu, ile ambayo haitumiki tena popote, na uielekeze moja kwa moja kwenye takataka.